Punguzo la Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, mimi nashona mapazia. Gari letu ndilo lililokuwa miguu ya kazi yangu: vitambaa, ngazi na fimbo za pazia, vyote vilipanda humo hadi kwa mteja. Gari lisipotembea, mimi sina kazi.

Mwaka ule alipogonga nguzo ya geti akavunja taa ya nyuma, alikimbilia kampuni ya bima kudai fidia. Wakamlipa taa yake. Mwaka uliofuata bima ikapanda kupita bei ya ile taa. Wakala wao, kijana mpole, akamweleza: "Baba, ukidai, kampuni inakuona mtu wa ajali, inakupandishia. Ukikaa bila kudai, kila mwaka unapunguziwa."

Hapo ndipo nilipompoteza mume. Aliokoka. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kilihubiriwa punguzo, na mtu mwenye wembe shingoni habishi.

Kioo cha pembeni kikang'oka, akakibandika kwa selotepu. Mlango wa upande wangu ukabonyea ukagoma kufunguka, nikawa napandia dirishani, na umri wangu huu. "Vumilia, mama watoto," ananiambia, "tusiharibu rekodi." Watoto wakipiga chafya garini anawatazama kwa jicho baya.

Kisha ukaja upepo, mti wa nje ya geti ukalalia gari. Paa likagusana na usukani. Nilikaa kizingitini nikalia, maana kuna mteja alikuwa anasubiri mapazia ya nyumba nzima.

"Si tuna bima kubwa?" nikamwambia. "Nenda leo leo."

"Mwezi ujao nafikia punguzo la juu kabisa," akasema. "Acha tulipate kwanza, ndipo tudai."

Nilimsema mpaka sauti ikakauka. Yeye akalifunika gari turubai, mwezi ulipofika akaenda kulipia mwaka mpya, akarudi anapiga mluzi. Wiki iliyofuata akavaa koti lake la harusi kwenda kudai. Nikamfuata.

Wakala alisikiliza hadi mwisho. "Ajali inaripotiwa mara moja, baba. Wewe umekaa nayo, halafu ukalipia bima mpya ukisema gari ni zima. Hapa kampuni hailipi."

Mume wangu akanywea. Nikadhani sasa atalia, na mimi nilishaanza. Akauliza, "Na punguzo langu?"

"Lipo lote."

Wallahi nilimwona anatabasamu.

Yule mteja alishapata fundi mwingine. Siku hizi tunakwenda kwa miguu, mimi na vitambaa kichwani, yeye na fimbo begani. Juzi mteja mpya akatuuliza, kwa upole tu, kwa nini hatutafuti gari. Mume wangu akashusha fimbo, akajifuta jasho, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Siku tukilinunua," akasema, "bima yake tutalipa nusu."

Nikamwambia anyanyue fimbo, tunachelewa.