Hodi Pasipo Mlango

Kibanda chetu hakikuwa na mlango. Tulikijenga kila mwaka uani mwa sinagogi, hapa Stockholm, kuta za turubai na paa la matawi ya misonobari, na mvua ya Oktoba ikatudondokea shingoni tukila. Ndivyo inavyotakiwa wiki ya Sikukuu ya Vibanda: ule nje, ukumbuke wazee wetu walivyokaa jangwani. Mimi nilikabidhiwa watoto wa waumini niwaangalie.

Wayahudi weusi wa Uganda tupo, na wanaoshangaa wamenichosha. Mama yangu alikuwa Mkenya, kwa hiyo Kiswahili nilikinyonya. Na mtu aliyelelewa na mama yule hawezi kuvumilia watoto wanaoingia mahali kama mbuzi. Nikaweka sheria: hapiti mtu hapa bila kupiga hodi, na waliomo ndani waitikie karibu.

"Lakini hakuna mlango," akasema mmoja kwa Kiswidi.

"Hodi haipigiwi mlango," nikamjibu. "Inapigiwa watu."

Wakaipenda kupita kiasi. Mtoto alitoka na kurudi mara kumi, ili tu aitikiwe.

Asiyeipenda alikuwa wangu. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani kwetu Rissne nilimsemesha Kiswahili naye akanijibu Kiswidi, asubuhi mpaka jioni. Pale kibandani alipita kimya, akakaa pembeni na kofia ya koti usoni. Nilikuwa nikitaka kitu kimoja tu: aniitikie. Watoto wa watu walinipa karibu za bure, na ya mwanangu ikakosekana. Iliniuma, sifichi.

Halafu ikatokea ile asubuhi. Katika sala za sikukuu hii kuna mahali watu hutikisa matawi ya mtende na kuimba "Hodu", maana yake kwa Kiebrania shukuruni. Kiongozi wa sala akavuta pumzi, akaimba kwa sauti yake nzito: "Hoduuu!"

Watoto wangu wa kibandani, safu nzima, wakaitikia: "Karibuuu!"

Sinagogi zima likageuka kututazama. Kisha mzee mmoja akaanza kucheka, akacheka hadi tawi likamponyoka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Binti yangu akanivuta mkono: "Mamma, sluta!" Acha, mama. Mimi hata sikuwa nimefungua mdomo!

Mwaka uliofuata hakuja, wala uliofuata huo. Nami sikumlazimisha. Hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi zako.

Sasa magoti yamenigomea na watoto wana kiongozi mwingine. Ni binti yangu yuleyule. Aliomba kazi hiyo mwenyewe, hakuniambia. Nilisikia kwa watu. Sikukuu iliyopita nikapeleka sufuria ya maharage, mvua ikinipiga tangu kituo cha treni. Mlinzi wa getini akanikagua kama kawaida. Nilikuwa nimelowa na mikono inaniuma, nikaingia kibandani moja kwa moja ili nitue mzigo.

Watoto wakaguna. Binti yangu akasimama, mikono kiunoni, nakala ya mama yangu.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, "hujapiga hodi."

Nikarudi mvuani na sufuria yangu. 

"Hodi," nikasema.

"Karibu, mama," akaitikia, kabla ya watoto wote.