Daraja Jipya la Bi Buluu

Wagonjwa wanaijua hospitali yetu kwa geti la mbele. Sisi tunaofanya kazi ndani tunaijua kwa nyuma: jiko, stoo, mochwari, halafu chumba cha dobi chenye matangi ya saruji, pipa la kuchemshia mashuka na mashine mbili za kufulia, moja mbovu tangu enzi za mganga mkuu aliyepita. Humo ndimo alimofanyia kazi Bi Buluu karibu maisha yake yote ya utu uzima. Jina hilo alipewa na wodi kwa sababu hakukubali shuka jeupe liende kwa mgonjwa bila kusuuzwa kwenye maji yenye buluu, ile rangi ya kung'arishia nguo nyeupe. Stoo wakimwambia buluu imeisha, alinunua kwa hela yake na kuja kuwanunia wiki nzima.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Kwa kuwa Mungu amenijalia mdomo, wenzangu walinichagua kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mdomo huu umeniponza mara nyingi, lakini safari hii ulikutana na kazi iliyoustahili, na mpaka leo nashukuru kwamba nilikuwepo.

Mwaka ule tume ya mishahara ilikuwa kazini. Kila baada ya miaka kadhaa serikali huunda tume ya namna hiyo, nayo hutuma watathmini waende kuangalia kila kazi kwa macho: inataka elimu gani, ina wajibu gani, ina hatari gani, inafanyikia mahali pa namna gani. Kila jambo lina alama zake, na alama zikijumlishwa ndizo zinazompa mtu daraja la mshahara. Baadaye inabandikwa rasimu, wenye malalamiko wanalalamika, mwisho unatoka waraka. Waraka ukishatoka umetoka, na mtu akiachwa nje anasubiri tume nyingine.

Bi Buluu hakuwa na nafasi ya kusubiri tume nyingine. Muda wake wa kustaafu ulikuwa umekaribia, na akistaafu alitakiwa kurudisha chumba cha watumishi alichokuwa akiishi tangu alipofiwa na mumewe. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imesimama kuta tupu. Alijenga tofali kwa tofali mpaka juu ya madirisha, hela ikaishia hapo, na mvua za kila mwaka zikawa zinazila kuta zile taratibu. Kilichobaki kilikuwa paa tu. Benki walimwambia kwa upole kwamba kwa mshahara ule mkopo wa paa hauwezi kulipika. Alikuwa daraja la mwisho kabisa, na ndani ya daraja hilo alishafika juu ya ngazi, hata nyongeza ya mwaka ilikuwa haimfikii tena.

Kwa hiyo tulipoambiwa watathmini wanakuja, nilimfuata nikamwambia, "Mama, hii ndiyo nafasi yako. Wakija waoneshe kazi."

"Kazi itajionesha yenyewe," akanijibu. "Kizuri chajiuza."

"Serikalini kizuri hakijiuzi, mama. Kinaandikiwa barua."

Alicheka akaniambia niende wodini, wazazi wananisubiri.

Mtathmini aliyepangiwa upande wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu vizuri na kalamu isiyotulia. Alikaa kwa dobi siku mbili. Na Bi Buluu alifanya nini? Alifanya ambacho mama yeyote aliyelelewa vizuri angefanya akisikia mgeni anakuja. Siku zote mbili aliingia kazini kabla hakujapambazuka, akafua mashuka yote ya wodi ya wazazi na ya chumba cha upasuaji, akasugua sakafu, akafungua madirisha. Mgeni alipofika asubuhi alikuta mashuka meupe yanapepea kwenye kamba, harufu ya sabuni, kiti chenye mto, na mama mmoja mnene mwenye tabasamu akipiga pasi taratibu. Akaletewa chai, na ya pili akaongezewa. Waliagana kwa kukumbatiana.

Rasimu ilipobandikwa niliisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana kasoro. Wapishi wamepanda. Walinzi wamepanda. Hata mkata nyasi wetu kapanda, kwa sababu siku aliyotembelewa mashine yake ilirusha jiwe likapita karibu na sikio la mtathmini, na pale kwenye hatari akaandikiwa "kubwa". Dobi kaachwa palepale chini. Maelezo yalisema kazi ni ya kujirudia, mazingira ni safi, hatari ni ndogo.

Nilikwenda kwa Bi Buluu nikiwa nimefura. Nilimsomea, na jamani, yule mama akafurahi!

"Wameandika mazingira safi? Wamekiri wenyewe?"

"Mama, hapo ndipo walipokumaliza! Usafi wako umekunyima alama."

Nilimweleza habari ya alama pole pole, hatari moja moja, na nikaona uso wake unabadilika. Alikaa juu ya kapu la nguo akatazama mikono yake, ambayo ngozi yake ilikuwa imechubuka kwa klorini. Aliuliza tu, "Kwa hiyo paa ndio basi?"

Nikamwambia si basi mpaka waraka utoke. Niliandika malalamiko kwa niaba ya madobi, nikayapeleka mwenyewe, nikagonga meza za watu. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana kistaarabu yule mama mwenye kalamu, lakini aliponipigia simu alinimaliza nguvu.

"Dada, mimi naandika ninachokiona," alisema. "Nilichoona ni pasi na chai. Kama kuna kingine nitarudi siku moja nikione."

Nikashukuru. Nikamkimbilia Bi Buluu kumwambia: siku hiyo asiingie mapema, asifue, aache kila kitu kama kilivyotoka wodini, mgeni akute damu ni damu.

Alikataa kata kata.

"Shuka la mzazi si la kumuonesha mgeni," alisema. "Mtu amejifungua, ametokwa na vya kumtoka, amelia, amejisaidia. Ile ni siri yake na Mungu wake. Mimi ndiye nimewekwa hapo katikati ili asiione mtu mwingine. Wewe unataka nimuanike mwenzangu ili mimi nipate bati?"

"Mama, ni alama hizo!"

"Na hiyo ni aibu ya watu. Mimi kazi yangu ni kusitiri."

Hasira ikanipanda, nikamwambia neno baya. Nilimwambia basi akae na stara yake chini ya mvua. Akageukia pipa lake akawa anakoroga mashuka kwa mti, na mimi nikaondoka nikiwa na machozi ya hasira, kwa sababu nilijua ana haki na nilijua pia kwamba haki hiyo itamuacha bila paa.

Siku ya mgeni nilitoka zamu ya asubuhi mbio, nikaenda kule nyuma nikitegemea kukuta sakafu inang'aa na birika jikoni. Nilikuta mifuko ya wodi imesimama ukutani, imefungwa midomo, haijaguswa. Hapakuwa na kiti wala mto. Mezani palikuwa na aproni mbili za plastiki, jozi mbili za mabuti na glavu nene. Bi Buluu alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda shambani.

Mtathmini akaingia, akaamkia, akatafuta pa kukaa.

"Mwanangu," Bi Buluu akamwambia, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zile siku mbili nilikukirimu, sijui kama ulikuwa na lalamiko."

"Hata kidogo, mama."

"Basi leo ni ya tatu. Vaa." Akamnyooshea aproni. "Ukishavaa hii si mgeni tena, ni wa nyumbani. Na wa nyumbani hatangazi alichokiona ndani."

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, na mimi nikajitia hamnazo nikiangalia dari. Halafu akacheka, akavua viatu vyake vizuri akavipanga pembeni. Bi Buluu alikuwa amemgeuza mfanyakazi mwenzake, na kwa mfanyakazi mwenzake hakuwa na cha kuficha.

Mfuko wa kwanza ulipofunguliwa, mtathmini alirudi nyuma hatua nzima. Sisi tumeizoea harufu ile. Bi Buluu hakumcheka, alimngoja apumue. Kisha akamfundisha kutotia mkono mahali ambapo jicho halijafika: unaliinua shuka kwa koleo, unalikung'uta juu ya beseni, unasikiliza. Shuka la tatu liliangusha kitu kikalia ting. Ilikuwa sindano, imesahauliwa na mmoja wetu kule juu, na nikiwa muuguzi niliona aibu kwa niaba ya wodi nzima. Bi Buluu aliiokota kwa koleo akaitumbukiza kwenye kopo ambalo ndani yake tayari kulikuwa na nyingine. Mtathmini alilitazama lile kopo muda mrefu.

Wakafua. Yule mama alitaka kutia shuka lenye damu kwenye maji ya moto, Bi Buluu akamshika mkono. "Baridi kwanza. Ya moto yanailaza damu humo humo mpaka siku ya kiyama." Wakabeba mablanketi yaliyolowa, mmoja huku, mwingine kule, na blanketi la hospitali likishanywa maji lina uzito wa mtu aliyezimia. Mtathmini alishika kiuno. Akaomba maji ya kunywa, akapewa, akaambiwa kazi haijafika nusu.

Chini ya mfuko wa mwisho palikuwa na shuka la maua ambalo si la hospitali. Bi Buluu alilitenga, akachota maji safi kwenye beseni dogo.

"Hili halichanganywi," alisema. "Mwenyewe alikuja nalo kutoka nyumbani, alilinunua la kumfungia mtoto. Mtoto hakuishi. Leo anaruhusiwa, na atatoka mikono mitupu. Kitu pekee anachorudi nacho ni hili shuka, na mimi simpi likiwa na doa."

Nilimjua mzazi huyo, nilikuwa naye chumba cha kujifungulia. Sikujua kwamba shuka lake limepita hapa. Miaka yote nawapa wanawake vitu vyao mlangoni, visafi, vimekunjwa, na sikuwahi hata kujiuliza ni nani aliyefikiria hilo.

Mtathmini aliliomba lile shuka. Alilifua kwa mkono, akalikagua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akalirudisha majini akalifua tena. Bi Buluu alisimama pembeni yake akimmiminia maji, bila kumharakisha. Walipomaliza walilikamua pamoja wakalipiga pasi lingali na unyevu, na mimi ndiye niliyelipeleka wodini. Yule binti alilipokea akalibana kifuani. Alisema asante, nikaitikia asante isiyokuwa yangu.

Jioni mtathmini alivaa viatu vyake, akaandika akiwa amesimama, akaondoka akijinyoosha mgongo. Alichoandika sikukisoma. Nilimwomba Bi Buluu radhi kwa lile neno la mvua, akanipungia mkono wenye povu. "Mdomo wako ndio uliomrudisha hapa," alisema. "Usiukate, upunguze makali tu."

Tukasubiri. Uvumi ulikuja ukaenda, leo waraka umesainiwa, kesho umerudishwa, keshokutwa hela hakuna. Bi Buluu alifua. Mvua moja ikanyesha juu ya kuta zake, ya pili ikaja, naye akawa anakwenda Jumapili kufunika kona zilizoanza kumomonyoka kwa vipande vya nailoni.

Waraka ulipofika nilitelemka na glavu mkononi. Nilipiga kelele kuanzia jikoni. Dobi amepanda madaraja mawili, na ameongezewa posho ya mazingira hatarishi!

"Ni mimi peke yangu?" aliuliza.

"Madobi wote, mama! Kila hospitali ya serikali, nchi nzima!"

Alikaa juu ya kapu lake. Alifunika uso kwa aproni iliyolowa, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikapiga magoti pale kwenye maji nikalia naye. Nilimshukuru Mungu, nikaishukuru serikali ambayo kwa kawaida naisema vibaya, nikamshukuru yule mama wa kalamu. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia, na nilijisikia mwepesi.

Benki safari hii hawakumwambia chochote kwa upole. Walimpa fomu akatia sahihi. Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza duka la vifaa vya ujenzi akachague bati. Mbele yetu kwenye foleni alisimama mwanamke mwembamba ambaye mikono yake niliitambua kabla sijamtazama usoni, imechubuka kwa klorini vilevile. Alikuwa ananunua saruji, na furaha yake haikukaa ndani, ikabidi amwambie yeyote aliyekuwa karibu.

"Mimi ni dobi hospitali ya kule ng'ambo ya mto," alituambia. "Tumepandishwa! Miaka yote hiyo hatujawahi kuhesabiwa. Wanasema kuna mtu mahali fulani alitusemea, wala hatumjui. Kila nikiamka namwombea. Mungu amsitiri, popote alipo."

Nilifungua mdomo. Bi Buluu akanikanyaga mguu, na si mtu mwepesi.

"Amina," alimwambia yule mwanamke, akamsaidia kuinua mfuko wake wa saruji mpaka begani. Kisha akamgeukia muuzaji na kumwuliza bati zile nene zinauzwaje.