Bado Hajatoka, Ila Katibu Amemfuta kwa Futi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtunza uwanja amepiga magoti katikati ya uwanja wa kriketi, nyundo mkononi. Anapigilia misumari mirefu ya chuma kwenye ukingo wa mkeka, ili usije ukajikunja mpira ukidunda. Kila msumari ameupa jina.

"Ingia, mweka hazina," anasema, na kupiga. "Ingia, makamu mwenyekiti."

Msumari wa mwisho unazama kwenye pigo la pili, lakini anauongezea mengine manne. Huo ni katibu.

Wote hapa wanamwita Bado. Ana miaka hamsini na mmoja, goti la kulia linalolia kama mlango wa stoo, na rekodi ambayo haijafikiwa na mtu kwa miaka ishirini na sita: mikimbio 261 katika mchezo mmoja, bila kutolewa.

Jina alilipata kwenye mchezo huohuo. Watazamaji walikuwa wakienda kunywa chai, wakirudi wanauliza, "Katoka?" Jukwaa zima linaitikia, "Bado!" Wakaenda kula, wakarudi. "Bado!" Inasemekana baada ya saa sita za mchezo hata mwamuzi alikuwa anaitikia.

Giza likaingia hajatoka, mchezo ukaahirishwa hadi kesho yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa kuwa ghalani, alikokuwa akibeba magunia, alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja tu.

"Msimamizi aliniuliza, 'Kwa nini hukujitoa tu?'" anakumbuka Bado. "Nijitoe? Kwa mpira upi? Hakukuwa na mpira wa kunitoa!"

Kazi ikaota mbawa. Chama cha kriketi kikamwajiri kutunza uwanja, na hapo yupo hadi leo, anafagia zege alilosimama juu yake kwa siku mbili.

Mwezi uliopita chama hichohicho kilimwandikia barua ya aya mbili. Katika maandalizi ya ubao mpya wa kumbukumbu, ilisema, imebainika kuwa pichi ni fupi kwa mita mbili na sentimita arobaini na nne. Kwa hiyo rekodi yake haitaandikwa. Chini kukawa na "Wako katika michezo," kama vile mtu akikukanyaga kidole halafu akuombee afya njema.

Pichi ni ule ukanda wa katikati ambapo mrushaji hurusha mpira na mpigaji huupiga. Hapa ni zege lililotandikwa mkeka. Sheria inataka mita ishirini na sentimita kumi na mbili, kuanzia vijiti vitatu vya upande huu hadi vijiti vitatu vya upande ule.

Katibu alipima mwenyewe. Bado alikuwepo, ndoo ya chokaa mkononi.

"Nikamwona ameweka futi kwenye mstari mweupe," anasema. "Nikamwambia, mheshimiwa, huo ni mstari wa mpigaji, vijiti viko nyuma yako. Akanijibu, 'Mzee, endelea na kazi yako.'"

Mstari wa mpigaji huchorwa mita moja na sentimita ishirini na mbili mbele ya vijiti. Huku mmoja, kule mmoja. Jumlisha. Mtoto wa darasa la nne, hata aliyelala nusu ya kipindi, atapata mita mbili na sentimita arobaini na nne. Yaani pichi haikupungua hata unywele. Kilichopungua kiko ofisini, kimevaa tai.

"Na mstari wenyewe niliuchora mimi asubuhi ile," anasema Bado, akitema mate pembeni. "Nimefutwa kwa chokaa yangu mwenyewe! Waje waone mashimo ya vijiti. Yamo ndani ya zege. Zege linahama?"

Mwenye hasira kumzidi ni kinyozi mmoja mnene wa mtaa wa pili, aliyejulikana enzi zake kama Kombora. Ndiye aliyemrushia Bado mipira mingi kuliko wote siku zile mbili, akapigwa kila pembe ya uwanja.

"Nilichapwa kihalali!" anafoka, wembe hewani, mteja akijikunyata kitini. "Bega hili halikupona. Leo mtu aniambie nilikuwa narusha kwenye pichi ya watoto? Kumfuta Bado ni kunitukana mimi!"

Kisha anapoa kidogo. "Ila na yeye alizidi. Mtu muungwana angetoka kwenye mia mbili."

Mke wa Bado ni fundi cherehani, na suala la vipimo halitaki mzaha kwake.

"Mimi nikimpima mtu kiuno kuanzia mfukoni, suruali itamkaa nani?" anauliza, pini mbili mdomoni. "Kuna kikombe ofisini kwao, walikishinda kwenye mchezo uleule, juu ya zege lilelile. Kinapigwa msasa kila wiki. Hicho mbona hakikupimwa? Pichi ilikuwa fupi kwa mume wangu peke yake?"

Katibu, alipopigiwa simu, alisema vipimo ni vipimo na futi haina chuki na mtu. Alianzia kupima wapi?

"Mwanzo."

Mwanzo wa nini?

"Mwanzo wa pichi, kijana. Una swali jingine?"

Akaongeza kwamba Bado atapewa cheti cha heshima kwa mchango wake. Bado alipofikishiwa habari hiyo alicheka hadi akakohoa.

"Cheti nitafunikia nini? Chungu? Sitaki heshima, nataka mita zangu."

Jumamosi hii ni fainali ya ligi, na ubao utazinduliwa siku hiyo mbele ya wageni waalikwa. Juzi Bado naye aliandika barua. Ina sentensi moja: kwa kuwa ofisi imethibitisha kwa maandishi kuwa pichi ni fupi, mtunza uwanja hawezi kuiandaa kwa fainali hadi ipimwe upya, shimo hadi shimo, timu zote mbili zikiona. Nakala alizipeleka kwa mwamuzi na manahodha wote wawili. Manahodha wamesema hawatacheza kwenye pichi yenye shaka.

Anajua anaweza kufukuzwa. Mkewe anajua pia, na ndiye aliyemsahihishia herufi. Tangu jana katibu amepiga simu mara tatu, na ghafla anamwita "mzee wangu".

"Kama barua yake ni ya kweli, mimi ninaitii," anasema Bado, akijipangusa vumbi la magotini. "Achague. Ama pichi ni halali na mimi nina mia mbili sitini na moja, ama ni fupi, na wageni wake wakae jukwaani Jumamosi nzima wakitazamana."