Vidonge vya Chunusi na Chai ya Mama Mkwe

Wewe unayenisikiliza, umewahi kukataa chai ya mama mkwe? Kwa nyumba yake, akikuangalia? Basi kaa nikuambie, kwa sababu mimi nilikataa, na mpaka leo nashukuru Mungu.

Hii ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, kahawa imeanza kulipa, na sisi tunakaa upande wa Gakindu. Nilikuwa mama mzima, niko na watoto tayari. Sasa chunusi! Kwa mtu mzima! Si zile ndogo za wasichana wa shule. Hizi zilikuwa kubwa, zinauma, zimejaa kwa mashavu na kwa kidevu, moja ikikauka ingine inatoka kando yake. Nikiinama kuchuma kahawa nasikia uso inapiga kama moyo.

Na wakati huo bwana yangu alikuwa anataka twende kanisa tufunge ndoa. Tulikuwa tumeoana ya kinyumbani, mbuzi zimepelekwa, kila kitu sawa, lakini padre alisema bila harusi ya kanisa hakuna kupokea komunyo. Kila Jumapili bwana yangu anabaki kwa benchi wengine wakienda mbele, na hiyo ilimwuma sana. Mimi namwambia, "Ngoja uso ipone."

Ananiuliza, "Ni uso inaolewa ama ni wewe?"

Nacheka, lakini nakataa. Nisimame mbele ya watu wote, na mtu wa picha amekuja na kamera kutoka Nyeri? Hapana!

Jirani mmoja aliniambia nipake mafuta ya kukamulia ng'ombe, ati ikilainisha chuchu ya ng'ombe itashindwa na uso? Nikapaka mpaka nikang'aa kama sufuria mpya. Chunusi zikafurahi, zikazaa.

Ndio nikaenda hospitali kubwa ya Nyeri. Daktari alikuwa mpole, akanishika kidevu akageuza uso kwa dirisha. Akaniuliza kama niko na mimba ama nanyonyesha, kwa sababu hiyo dawa si ya mama kama huyo. Nikasema hapana, wangu wa mwisho sasa anakimbiza kuku. Akaandika vidonge vya kumeza na dawa ya kupaka, akasema nisifinye chunusi na nisichoke haraka, hii ni kazi ya pole pole.

Nikameza asubuhi na jioni, sikuruka. Bwana yangu akaenda kwa padre wakapanga harusi, tukimaliza kuchuma kahawa. Lakini uso? Ni ile ile. Nikasema basi hii harusi isiwe. Siku hiyo bwana yangu hakumaliza hata githeri yake. Akaniambia tu, "Rudi Nyeri mara moja, kwa ajili yangu."

Nikarudi. Daktari akaniangalia, akauliza, "Mama, unameza na nini?"

"Na chai."

"Chai gani?"

Nikamcheka. "Chai ya watu! Ya maziwa."

Akashika kichwa. "Mama, maziwa inashika hii dawa kwa tumbo, haiachi ifanye kazi. Umekuwa unatibu choo! Meza na maji kabla ya kula, na ukae kidogo ndio ukunywe maziwa."

Kwa hospitali, hiyo ni rahisi kusema. Kwetu, mgeni akikuja, chai ya maziwa. Ukipita kwa mtu kuomba moto, chai ya maziwa. Turungi, ile chai nyeusi, ni ya mtu ng'ombe yake imekufa. Na mimi nilikuwa nakaa boma moja na mama mkwe. Yeye ndiye alikuwa anapika chai ya asubuhi, na maziwa ya ng'ombe yake mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza akaniwekea kikombe. Nikasema, "Asante mama, nitakunywa baadaye."

Akasimama. Yeye pia alikuwa ananiita mama, kwa sababu msichana wangu wa kwanza ana jina yake, ni kama nimemzaa yeye. "Mama," akasema, "ng'ombe yangu imekukosea nini?"

"Hapana, ni dawa..."

"Umesikia maziwa iko na harufu? Ama ni mimi niko na harufu?"

Akabeba kikombe akaenda. Siku yote hakuniongelesha. Jioni nikachukua vidonge nikamwekea kwa mkono, nikamwambia maneno yote ya daktari, hata ile ya choo. Akavigeuza kwa kiganja. Halafu akacheka, akacheka mpaka kitambaa ikaanguka kutoka kwa kichwa!

Kutoka hapo akawa askari wangu. Kabla hajaenda kukamua ananiita kwa dirisha, "Mama! Maji!" Anasimama hapo mpaka nimeze. Tukienda kwa watu, anaruka mbele ya mwenye nyumba, "Huyu mpatie maji, chai yake nitakunywa mimi." Alinona huo mwaka!

Na uso ikatulia, pole pole. Asubuhi moja nikinawa, mkono ikapita kwa shavu kama inapita kwa sahani. Nikapitisha tena. Alama nyeusi zilibaki, ziko mpaka leo, lakini uchungu iliisha. Harusi tukafanya. Nilikuwa nimeazima shela nzito Sagana, kwa dada yangu, ya kujificha. Nikaivaa nimeitupa nyuma, uso wazi. Bwana yangu akaenda mbele kupokea komunyo, mimi kando yake, na huko nyuma nasikia mama mkwe anaambia watu, "Hiyo uso ni kazi yangu!" Na ni kweli. Daktari namshukuru, lakini huyo mama namshukuru zaidi.

Sasa juzi mjukuu wangu, yule anafanya kazi Kerugoya, alikuja amejifunga leso mpaka kwa pua. Ati baridi. Nikavuta leso. Chunusi! Na mkoba imejaa krimu za kuchubua, za sokoni. Nikamwambia hii hadithi yote.

"Kwa hivyo, shosho, ninunue ile yako?"

"Wacha! Ile niliandikiwa mimi. Enda uangaliwe, uandikiwe yako."

Akacheka, akatoa zile krimu moja moja akaniwekea kwa magoti. "Nakuahidi, shosho," akasema, "Jumatatu niko kwa daktari, na hizi sinunui tena."