Mbeleko Juu ya Mota

Mota kubwa ya kiwanda cha pamba pale Bunda naiogopa mpaka leo, na mimi ndiye fundi wake. Watu hudhani fundi haogopi. Waje wasimame pale msimu wa pamba, nyuzi zikielea kila mahali, halafu wafikirie cheche moja tu.

Kila asubuhi napuliza vumbi lililoziba matundu ya hewa. Natia grisi kiasi, maana ikizidi beringi huchemka. Kisha naweka kiganja kwenye ganda lake. Kiganja kikivumilia, namshukuru Mungu. Mota inayopata hewa haili umeme ovyo, na hudumu miaka mingi. Nimewaambia wenzangu mpaka mate yamenikauka: msianike nguo hapa. Lakini mvua ikinyesha joto lile linawavuta, na nikigeuka tu nakuta koti limetandazwa juu.

Siku moja ya mvua nilisikia mlio umebadilika, umekuwa mzito. Ikaja harufu ya vanishi ya waya inayoungua. Nilikimbia kuzima swichi, mashine zote zikanyamaza.

"Fundi, mbona umezima?" msimamizi akapiga kelele.

Nikarudi mbio kwenye mota. Kitambaa kilikuwa kimeteleza nyuma ya mota, feni ikakivuta, kikaziba matundu yote. Nilikinyofoa kwa hasira, matusi yako mdomoni tayari. Kilikuwa cha moto, ukingo mmoja umebadilika rangi. Ndipo nikakitambua. Ilikuwa mbeleko ya mwanangu.

Mke wangu anafagia pamba humo humo kiwandani. Alikuja mbio na ufagio wake, mgongoni hana kitu.

"Ilikuwa imelowa, baba. Huwaga inakauka haraka hapo."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemlaza kwenye joto."

Akaonyesha upande wa pili wa mota. Kwenye lundo la pamba, karibu kabisa na ganda ambalo sasa lilikuwa la moto hata mimi mwenyewe sikuweza kuligusa, binti yetu alikuwa amelala fofofo, jasho linamtoka, nyuzi nyeupe zimemjaa kichwani.

Nilimnyakua, nikatoka naye nje kwenye mvua. Msimamizi alinifuata mlangoni akiuliza tutawasha saa ngapi. Nikakaa chini kwenye matope. Mama yake akasema mtoto atapata homa. Mtoto akaamka, akaanza kulia kwa baridi, nami nikamwacha alie, nimsikie.