Roketi Iliyoangukia Mgodini

Binti yangu alizaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Majira ya baridi ya 2017 alikuwa kidato cha pili, na kichwani hakuwa na kingine ila roketi: bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi, injini ya baruti ndogo kama kidole gumba. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo parashuti nilishona mimi. Ya plastiki aliyonunua iligandamana kwa baridi ikakataa kufunguka. Nilimshonea ya nailoni, tukaipaka poda ya watoto, nikaibeba kifuani ndani ya sweta isipoe.

Jumapili moja asubuhi jirani yetu Mkongo, mlinzi, alitoka zamu akatupeleka kwa gari lake hadi uwanda ulio nyuma ya vilima vya mchanga wa migodi ya zamani, kusini ya Rosettenville. Nyasi zilikuwa zimeungua, nyeusi, na umande umegandia juu yake. Hata ndege hatukumsikia.

Binti akabonyeza kitufe. Roketi ikapaa ikifuka moshi, parashuti ikafunguka vizuri, nikapiga vigelegele. Upepo ukaichukua, ikashukia nyuma ya rundo la mawe.

Ndani ya roketi binti alikuwa amefunga king'ora kidogo, ili ikipotea tuifuate kwa sauti. Tukaifuata. Kadiri tulivyokaribia, mlio ukawa unatokea chini ya miguu yetu, mpaka tukafika kwenye shimo lenye upana wa mlango, kingo zake zimelika. Mvuke wa vuguvugu ulikuwa unatoka humo.

"Mama, rudi nyuma," jirani akaninong'oneza. "Hii ni shimo ya mgodi."

Mara mlio ukaanza kusogea. Ukaenda upande wa kushoto, ukafifia, ukarudi.

"Kuna mtu ameibeba," binti akasema, tena kwa Kiswahili.

King'ora kikanyamaza. Kutoka gizani mwanamume akauliza jambo kwa Kizulu, polepole, kama mtu ambaye hajaongea kwa muda mrefu.

"Anasemaje?" nikamuuliza binti.

"Anauliza leo ni siku gani."

Jirani akanivuta mkono. "Twende, mama. Hao watu ya chini, wenye kuiba dhahabu, wako na bunduki." Lakini binti alikwisha kujibu kuwa ni Jumapili. Kisha sauti ikauliza tena, na safari hii binti alikawia kunitafsiria.

"Anauliza, Jumapili ya mwezi gani."

Nikatoa mkate tuliokuja nao, nikautupa ndani. Sikusikia ukitua.

Jirani alipiga simu polisi. Wakamwambia wachimbaji haramu wale wana njia nyingi za kutokea, asijisumbue. Sikulala vizuri wiki ile. Jumapili iliyofuata tulirudi na mikate mingine na madumu ya maji, tukakuta shimo limezibwa kwa zege jipya, la kijivu.

Binti akapiga magoti. Akagonga zege kwa jiwe, akaita kwa Kizulu mpaka sauti ikamkauka. Jirani alivua kofia, akawa anaomba kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini. Nilipomshika binti bega nimwinue, akaniambia tusubiri kidogo, huenda wamelala.