Dhahabu ya Vioo Sita

Agneta Awuor alikuwa ameshaitwa mwizi mara moja. Mumewe, Enos, alipokufa kule Asembo Bay, shemeji zake walimpekua hadi kitambaa cha kichwa wakitafuta nyavu za marehemu. Baadaye nyavu zilionekana katika mashua ya shemeji mkubwa, zikivua kama kawaida. Hakuna aliyemwomba msamaha. Alihamia Nyamasaria, akapata kazi ya usafi katika maabara moja mjini Kisumu.

Maabara hiyo hupima sumu ya mwani wa ziwani. Kioo kidogo hupakwa dhahabu nyembamba mno upande mmoja. Mwanga mwekundu hupigwa kwa chini, na ipo pembe moja ambapo dhahabu huumeza mwanga, usirudi. Sumu ikinata juu ya dhahabu, pembe hiyo husogea. Agneta aliyajua hayo kwa kuyasikia kila siku. Watu huzungumza lolote mbele ya mwanamke anayepiga deki.

Jumatatu, vioo sita vilikutwa vitupu.

"Dhahabu imeenda wapi, Mama?" aliuliza Brandon, mtafiti kijana.

"Mimi hupiga deki na kuosha sinki. Meza yako ulinikataza nisiiguse."

"Lakini asubuhi ni wewe unafungua."

Alimpeleka getini na kumwagiza askari, Wakhungu, apekue mfuko wake. Wanawake wauza samaki waliacha kupara wakatazama. Mfuko ulikuwa na sabuni na omena, wale dagaa wa ziwani.

"Na omena pia ni za maabara?" aliuliza Agneta.

Wanawake walicheka. Brandon alimwambia aende nyumbani, asirudi mpaka aitwe.

Aliitwa Jumatano, mkuu wa maabara, Daktari Jacinta Okinyi, aliporudi safarini. Daktari alimgeukia Brandon kwanza.

"Ijumaa ulipima maji gani?"

"Ya ufukweni, Daktari. Yaliacha utelezi kwenye vioo, nikautoa gizani umeme ulipokatika."

"Ukautoaje?"

Brandon alizaliwa Luanda Kotieno, akakua akisafisha samaki. Alichukua kioo cha saba, kilichokuwa bado na dhahabu, akakishika kwa mkono wa kushoto, akafunga kitambaa kwenye kidole gumba cha kulia, akakipitisha kidole hicho juu ya dhahabu kwa nguvu, kama mtu anayetoa ute wa kambare. Kioo kilibaki kitupu. Kitambaa kikabaki kinang'aa.

Kila mtu alikitazama kitambaa.

"Dhahabu hii humiminiwa maji safi tu, haisuguliwi," alisema Daktari. "Na ya vioo vyote saba haitoshi kipuli cha omena mmoja. Agneta angeiba nini?"

"Pole, Mama," alisema Brandon, akiiambia sakafu.

"Andika," alisema Agneta.

"Lakini Mama, wewe husomi."

"Sisomi. Wakhungu anasoma, na ana sauti."

Brandon aliandika mistari mitatu, akatia sahihi. Mchana, biashara ilipochangamka getini, Wakhungu aliisoma. Agneta akamwambia airudie, maana kulikuwa na mwanamke mmoja, muuza samaki wa mbuta, aliyekuwa amechelewa kufika.